Je, wajua kwa nini barua ya Kifaransa humwita msomaji mara mbili?

Mwito unaofungua barua rasmi ya Kifaransa hurudi kwenye sentensi ya mwisho, neno kwa neno, katikati ya koma mbili. Ukianza na "Madame la Directrice," yaani Bi Mkurugenzi, utamalizia: "Je vous prie d'agréer, Madame la Directrice, mes salutations distinguées."

Barua ya Kiswahili huagia kwa maneno mawili, "Wako mtiifu", kisha saini. Kifaransa huagia kwa sentensi nzima yenye kiima na kitenzi: nakuomba upokee salamu zangu za heshima. Anayeombwa sharti atajwe, tena kwa cheo kile kile. Ukimwita Docteur (Daktari) juu na Monsieur (Bwana) chini, umemvua joho mlangoni.

Kwa hiyo kazi kubwa ni kuchagua mwito. Usiyemjua ni "Madame, Monsieur,". Jina la ukoo haliongezwi: "Monsieur Dupont," huwakera wenye adabu ya zamani. Vifupisho M. na Mme havifai hapa. Ni vya kumtaja mtu wa tatu. Cher, yaani mpendwa, hungoja mpaka mfahamiane. Wakili ni Maître, awe mwanamume au mwanamke. Mademoiselle, mwito wa mwanamke asiyeolewa, iache: waraka wa waziri mkuu François Fillon wa Februari 2012 uliiondoa kwenye fomu za serikali ya Ufaransa.

Baada ya mwito weka koma, ruka mstari, kisha anza na herufi kubwa. Aliyezoea barua za Tanzania ataangushwa na kichwa cha habari: YAH yetu hufuata "Ndugu", ila Objet hukaa juu ya mwito.

Makosa mengi yako mwishoni. "En attendant votre réponse, veuillez agréer…", yaani nikisubiri jibu lako, tafadhali pokea, ni kosa la sarufi: anayesubiri jibu ni wewe, lakini kitenzi kimemgeukia msomaji. Andika "En attendant votre réponse, je vous prie d'agréer…", yaani nakuomba upokee. Wengi pia huandika "l'expression de mes salutations distinguées", yaani tamko la salamu zangu za heshima, na wajuzi hukunja uso, kwa kuwa salamu yenyewe tayari ni tamko. Expression huendana na sentiments, yaani hisia, na hizo nazo zina mwiko wake: kwa adabu ya kale, mwanamume hamtumii mwanamke sentiments, wala mwanamke mwanamume.

Kwenye baruapepe mzigo huu wote hupungua: Bonjour juu, Cordialement (kwa moyo mkunjufu) chini, na hakuna anayeitwa tena.