Ukiambiwa asilimia, uliza kwanza ni asilimia ya nini

Hii ndo inawaangusha wengi maabara. Mtu anaona chupa ya asidi ya hidrokloriki imeandikwa 37%, anasema basi lita moja ina gramu 370, anagawa kwa 36.46 (gramu za moli moja ya asidi hiyo; moli ni kipimo cha kuhesabu chembe za kitu) anapata moli 10 na kidogo, anaenda kuchanganya. Sio hivyo jamani. Ile 37 ni gramu ndani ya kila gramu 100 za asidi yenyewe, sio ndani ya mililita 100, na hiyo asidi ni nzito kuliko maji, lita yake ina kama gramu 1190. Kwa hiyo chukua 37% ya 1190, inakuja 440, hiyo ndo ugawe kwa 36.46, unapata moli 12 kwa lita. Angalia densiti (uzito wa kila ujazo) kwenye lebo, bila hiyo huwezi kuvuka kutoka uzito kwenda ujazo, na mimi wanafunzi nawaambia hivi kila siku.

Mwingine atakuambia, "Molari 1 ya sukari ni gramu 342 ukitia kwenye lita moja ya maji." Hapana! Hiyo ni molali, yaani moli kwa kila kilo ya maji; molari ni moli kwa kila lita ya mchanganyiko mzima. Sukari nayo inachukua nafasi, ukikoroga unapata kama lita 1.2, molari imeshuka mpaka kama 0.8. Yeyusha kwenye maji machache kwanza halafu ndo ujaze mpaka ufike mstari wa lita moja.

Ppm (sehemu kwa milioni, kwa uzito) kuwa sawa na miligramu kwa lita ni kweli kwenye maji tu, tena yenye vitu vichache, mfano floraidi ya maji ya kisima, WHO wanasema isizidi 1.5, hapo andika ppm au mg/L ni sawa tu kwa sababu lita ya maji ni kama kilo moja. Kwenye asali ambayo lita yake ina kama kilo 1.4, ppm 100 ni kama miligramu 140 kwa lita.

Halafu ile ya kugawa kwa 18. Sukari ya damu ikisoma 126 mg/dL (miligramu kwa desilita) unagawa kwa 18 unapata 7 mmol/L (milimoli kwa lita), sawa kabisa, ila 18 imetoka kwenye moli ya glukosi yenye gramu 180, sasa watu wanaibeba mpaka kwenye kolesteroli! Kolesteroli moli yake ni kama gramu 387, inagawiwa kwa 38.7, kwa hiyo 200 mg/dL yako ni 5.2 mmol/L, sio 11.