Madaktari wa kujitolea baada ya maafa: maswali na majibu

Kimbunga Idai kilipoipiga Beira, nchini Msumbiji, usiku wa kuamkia 15 Machi 2019, hospitali kuu ya mji nayo iliharibika, vyumba vya upasuaji vikiwemo. Siku chache baadaye timu za tiba zikaanza kuingia kutoka nchi mbalimbali. Majibu mengi hapa yanatokana na mambo yaliyoonekana huko na kwingineko.

Daktari akisikia kumetokea maafa, si apande tu ndege aende?

Asiende. Mgeni asiyealikwa huwa mzigo: atataka maji, pa kulala na mkalimani, vitu ambavyo wenyeji wenyewe hawana. Funzo kubwa lilitoka Haiti baada ya tetemeko la 12 Januari 2010. Vikundi vingi vilimiminika bila uratibu, vingine vikafanya upasuaji na kuondoka bila kuacha kumbukumbu, na mgonjwa aliyekatwa mguu akabaki hana wa kumfuatilia. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likatoa viwango vya timu za tiba za kutoka nje. Siku hizi nchi iliyopatwa ndiyo huomba msaada, na wizara yake ya afya ndiyo huamua timu ipi ije na ikae wapi. Timu ikifika hujiandikisha, huonyesha leseni za watu wake na kupangiwa eneo. Kila jioni hutuma taarifa: wagonjwa wangapi, wana nini. Kazi hiyo inachosha, lakini mlipuko wa ugonjwa hugundulika mapema kupitia taarifa hizo.

Timu zote ni sawa?

Hapana. Aina ya kwanza hutibu wagonjwa wa nje. Ya pili hufanya upasuaji na kulaza, ikiwa na vitanda visivyopungua 20 na huduma saa 24. Ya tatu ni hospitali ya rufaa ndani ya mahema, yenye wagonjwa mahututi pia. Aina yoyote iwayo, inatakiwa ijitegemee: hema, jenereta na mafuta yake, maji, chakula, hadi vyoo.

Je, wao ndio huwatoa watu kwenye vifusi?

Mara nyingi sivyo. Wanaookoa wengi katika saa za mwanzo ni majirani, kwa majembe na mikono mitupu, pamoja na wahudumu wa hospitali za hapo hapo. Timu ya kutoka nje hufika wengi wakiwa wameshatolewa.

Lakini kuna jambo ambalo hata jirani anapaswa kulijua. Mtu aliyebanwa kwa saa nyingi anaweza kuwa anaongea vizuri kabisa, kisha moyo wake ukasimama muda mfupi baada ya kutolewa. Msuli uliopondwa huvuja potasiamu na protini; mguu ukiachiwa, vyote huingia kwenye damu kwa mkupuo. Potasiamu huvuruga mapigo ya moyo, protini huumiza figo. Ndiyo maana timu iliyopo humtundikia dripu ya maji ya chumvi akiwa bado amebanwa, kama lita moja kwa saa kwa mtu mzima. Msio na dripu mtoeni bila kuchelewa, mmkimbize hospitali hata akisema hana shida. Akipata mkojo wenye rangi ya chai isiyo na maziwa, figo ziko hatarini.

Kwa nini wengine huambiwa kidonda hakishonwi leo?

Kwa sababu ni kichafu. Fikiria maporomoko ya Katesh, wilayani Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, matope, mawe na magogo yalipoteremka kutoka mlimani. Ukishona kidonda cha namna hiyo siku hiyo hiyo, unawafungia ndani vijidudu wasiotaka hewa, wale wa pepopunda na gangrini, yaani nyama kuoza. Muuguzi hukimiminia maji safi mengi na kutoa mchanga na vibanzi kwa kibano. Daktari hukata nyama iliyokufa mpaka afikie ile inayotoa damu, kisha huwekwa gozi, kitambaa chepesi cha vidonda, bila kukaza. Hufunguliwa baada ya siku tatu hadi tano. Kikiwa safi, ndipo hushonwa. Chanjo ya pepopunda hutolewa mapema. Mgonjwa akiona kidonda wazi hudhani amepuuzwa, kwa hiyo timu nzuri humweleza, tena kwa lugha yake.

Baada ya majeraha, wanatibu nini?

Yale yale ya kila siku, ila kwa wingi: kuhara, malaria, nimonia, wajawazito wenye uchungu, wazee ambao dawa zao za presha na kisukari zimekwenda na maji. Beira, kipindupindu kilithibitishwa kabla hata ya wiki mbili kupita tangu kimbunga. Chanjo ya kunywa ilianza 3 Aprili, na watu zaidi ya 800,000 wakachanjwa. Hata hivyo anayeharisha huokolewa na ORS, maji yenye mchanganyiko wa chumvi na sukari, aliyoanza kuinywa nyumbani, kabla hajafika kwenye hema.

Maiti zisipozikwa haraka huleta mlipuko?

Kwa kawaida hapana. Waliokufa kwa tetemeko au mafuriko hawakuwa wagonjwa. Kaburi la pamoja la harakaharaka huwanyima ndugu nafasi ya kumtambua mtu wao. Aliyekufa kwa kipindupindu au Ebola ni habari nyingine. Huyo azikwe kwa maelekezo ya wataalamu.

Nataka kujitolea. Nianzie wapi?

Anza kabla ya maafa. Asiye na taaluma ya afya aende tawi la Msalaba Mwekundu lililo karibu, ajifunze huduma ya kwanza. Daktari, muuguzi au mkunga ajiunge na timu inayofanya mazoezi pamoja, awe na leseni hai, chanjo kamili na ruhusa ya mwajiri kwa maandishi. Na kama unatumia dawa kila siku, beba za kukutosha hadi urudi. Zile za kwenye hema ni za wagonjwa.