Kadi zilizotolewa hazitoshi kupima Bima ya Afya kwa Wote

Takwimu inayowahi kufika mezani tunapojadili bima ya afya Tanzania ni idadi ya waliosajiliwa. Ni rahisi kuipata, lakini haituelezi mengi. Mama aliyejiunga na CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii) iliyoboreshwa, ile iliyokuwa ikilipiwa Sh 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, anaweza kufika zahanati akaambiwa dawa hakuna, kanunue nje. Kwenye ripoti bado ni mnufaika.

Ndiyo maana Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa yana viashiria viwili, 3.8.1 na 3.8.2. Cha kwanza hupima huduma zinazowafikia watu, cha pili hupima mzigo wa gharama zinazowatoka mfukoni. Kwa miaka mingi hiki cha pili kilihesabu watu wa kaya zilizotumia zaidi ya asilimia 10 ya bajeti yao kwa matibabu.

Hapo kuna mtego. Kaya ambayo mgonjwa wake alibaki kitandani kwa kukosa nauli haikutumia hata shilingi, hivyo kwenye jedwali inaonekana iko salama. Vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za wagonjwa vituoni, ambavyo taarifa zake huingizwa kwenye mfumo wa kompyuta wa DHIS2, navyo havimwoni mgonjwa huyo, maana huandikwa aliyefika tu. Anaonekana pale tu mdadisi anapobisha hodi nyumbani na kuuliza: nani aliumwa, hakwenda kutibiwa, na kwa nini? Kwangu, swali hilo lina uzito kuliko kurasa nyingi za ripoti za vituo.

Madai ya malipo ambayo vituo hupeleka kwa mifuko ya bima nayo yana lake la kusema. Mwaka 2023 NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) ilisitisha kusajili mtoto mmoja mmoja kwa Toto Afya Kadi, bima ya watoto iliyolipiwa Sh 50,400 kwa mwaka, kwa sababu gharama za matibabu zilizidi michango. Wazazi wengi walikuwa wakikata kadi mtoto akishaugua. Takwimu hizo zinaweza kusomwa kama sababu ya kufunga mlango, au kama ushahidi kwamba kujiunga kwa hiari hakujengi mfuko. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka huohuo, ilifuata usomaji wa pili: kujiunga ni lazima, na wasio na uwezo wagharamiwe.

Basi tathmini ianzie kwenye orodha ya hao wasio na uwezo: nani ameachwa, kijiji gani, na aliyemo akifika dirisha la dawa anapewa nini.