Misa ya Kutunza Uumbaji: Tarehe 1 Septemba Si Siku ya Kupanda Miche

Kila Agosti ikielekea ukingoni, kabla ya Siku ya Kuombea Utunzaji wa Uumbaji, tarehe 1 Septemba, ofisi yetu ya liturujia hapa Tabora hupokea maombi yaleyale kutoka parokiani: Misa mpya ya kutunza uumbaji isomwe Jumapili, miche ibarikiwe, kisha ipandwe uani kwa kanisa. Nia ni njema, utaratibu ndio unaokosewa.

Misa hiyo iliidhinishwa kwa dekreto (amri rasmi) ya Vatikani ya tarehe 8 Juni 2025, na Papa Leo XIV akaiadhimisha Castel Gandolfo tarehe 9 Julai. Imo katika kundi la Misa kwa mahitaji mbalimbali. Siku za juma zisizo na adhimisho lingine, katika kipindi cha Mwaka (nje ya Majilio, Noeli, Kwaresima na Pasaka), padre huiadhimisha bila kuomba ruhusa. Kukiwa na kumbukumbu ya lazima, kama ya mtakatifu, awe na sababu ya kweli ya kichungaji. Dominika ya kipindi hicho ni mpaka askofu aagize au aruhusu, kwa hitaji zito. Paroko mwenyewe alete ombi kwa maandishi, mapema. Dominika za Majilio, Kwaresima na Pasaka, pamoja na sherehe (sikukuu za daraja la juu), msiziombee kabisa. Halmashauri walei haina mamlaka ya kubadili Misa ya Jumapili, hata kama kwaya imeshafanya mazoezi. Kanuni ikivunjwa, muumini yeyote ana haki ya kulifikisha jambo kwa askofu.

Kuhusu miche: mvua za Tabora huanza Novemba. Mche wa Septemba usiomwagiliwa hufa, na maji ya baraka si mbadala wa mvua. Tumelisema hili mara nyingi. Misale, kitabu cha sala za Misa, ina Misa ya wakati wa kupanda mbegu. Itumieni mvua zikishika.

Septemba ni msimu wa moto. Miti ya miyombo inachipua majani mapya, nyasi zimekauka kabisa, na moto wa sasa huunguza kuliko wa Juni. Haya yaingie katika Sala ya Waumini, ambayo haihitaji kibali chochote, hata Jumapili. Lakini “tuombee mazingira” haitoshi. Waombeeni warina asali wanaofukiza nyuki kwa moto, wanaochoma mashamba, wanaokata kuni za mabani (vibanda vya kukaushia) ya tumbaku na wanaoishi kwa mkaa, wapate njia nyingine. Andikeni nia hizo jumuiyani, fupi, mkampe katekista kabla ya Jumamosi. Zisitaje jina la jirani anayedhaniwa kuwasha moto. Nia ya namna hiyo haitasomwa.