Safari ya Sikukuu Isiyopangwa: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Sikukuu ya taifa inapokaribia, hutokea marafiki wakaamua, siku chache tu kabla, kujaza nguo kwenye shanta na kuondoka bila ratiba, kwa imani kwamba asiyepanga hatumii fedha nyingi. Imani hiyo ndiyo inayozaa dhana nyingine nyingi zinazohusu safari za namna hii, kwa hiyo inafaa kuanza nayo. Safari ya ghafla huwa nafuu pale tu panapokuwa na nafasi za ziada, yaani viti na vitanda vitupu ambavyo mwenye navyo yuko radhi kuvitoa kwa bei ya chini kuliko kuviacha bila mtu. Sikukuu huziondoa nafasi hizo, kwa sababu taifa zima hupumzika na kusafiri siku zilezile. Nchini Uchina, ambako mapumziko marefu ya Sikukuu ya Taifa inayoangukia tarehe 1 Oktoba yalianzishwa mwaka 1999, serikali iliamua mwaka 2012 kusamehe ushuru wa barabara kuu kwa magari madogo wakati wa sikukuu kubwa. Barabara zikafurika foleni ndefu, na kilichookolewa kwa fedha kikalipwa kwa saa za kusubiri.

Husemwa pia kwamba tiketi hushuka bei saa za mwisho. Kwa ndege, hali kwa kawaida huwa kinyume. Tangu American Airlines ilipoanzisha, mwaka 1977, nauli za punguzo kwa wanaonunua mapema, mashirika yamekuwa hodari wa kugawa viti vya ndege moja katika madaraja ya nauli, vya bei ya chini vikiwa vichache na vikitangulia kwisha. Anayekuja mwishoni huhesabiwa kuwa mtu asiye na hiari, naye hutozwa hivyo. Treni na mabasi yenye nauli moja mwaka mzima hayapandishi bei, lakini hujaa, na abiria aliyekosa nafasi hulala kituoni au hukodi gari kwa gharama ambayo hakuikusudia. Hoja yangu si kwamba safari isiyopangwa ni kosa. Kundi linaweza kuacha wazi liende wapi na lione nini, mradi tiketi ya kurudi na mahali pa kulala usiku wa kwanza viwe vimeshapatikana.

Kuhusu malazi, wapo wanaojipa moyo kwamba wenye hema hulala popote bila malipo. Haki hiyo ipo katika baadhi ya nchi, nayo ina mipaka. Sheria ya Norwei ya mwaka 1957 inamruhusu mtu kupiga hema kwenye ardhi isiyolimwa, lakini angalau mita 150 kutoka kwenye nyumba inayokaliwa, na kwa kawaida si zaidi ya siku mbili mahali pamoja bila idhini. Kwingineko, ardhi inayoonekana tupu ina mwenyewe, na hifadhi za taifa huwa na maeneo maalumu ya kambi ambayo katika sikukuu hujaa kama hoteli. Kumwomba ruhusa mwenye ardhi kabla ya jua kuzama ni jambo la adabu, na pia huwaepusha watu kuondolewa usiku wa manane. Anayelala hemani akumbuke vilevile kwamba ardhi hunyonya joto la mwili, hivyo blanketi nzito juu haimfai sana aliyekosa mkeka mnene au godoro jembamba chini yake.

Wasiozoea kutembea na mzigo huupima umbali kwa ramani peke yake. Mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa mwaka 1892 kanuni ambayo bado inatumika: saa moja kwa takriban kilomita 5, na saa moja ya ziada kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 15 zenye mwinuko wa mita 600 ni saa 4 kwa mtu mwenye afya, bila kupumzika. Shanta nzito huongeza muda huo, na kundi huenda kwa mwendo wa aliye nyuma kabisa.

Maji ya mto kuwa maangavu si dalili ya usalama, kwa kuwa vijidudu vya kuharisha havionekani kwa macho. Yachemke kwa dakika moja kamili, au dakika 3 kwenye miinuko inayozidi mita 2,000, ambako maji huchemka kwa joto la chini zaidi.

Dhana ninayoiona kuwa na madhara kuliko zote ni ile inayosema kwamba marafiki wa kweli hawana haja ya kukubaliana kwa maneno. Mtaalamu wa uongozi wa Marekani, Jerry Harvey, alisimulia mwaka 1974 jinsi familia ilivyosafiri zaidi ya kilomita 80 hadi mji wa Abilene, Texas, katika joto kali na gari lisilo na kiyoyozi, ili kula tu. Waliporudi ilibainika kwamba hakuna aliyependa kwenda, hata aliyetoa wazo, maana kila mmoja alidhani wenzake wanataka. Safari za ghafla huzaliwa hivyohivyo, na kwenye fedha ukimya huumiza zaidi. Kugawana kila gharama sawasawa huonekana kuwa haki, lakini mwenye kipato kidogo hulazimika kulipia mambo ambayo hakuyachagua, na aibu humzuia kusema. Kila mmoja aulizwe faraghani ni kiasi gani anaweza kutumia, kisha kiasi kidogo kuliko vyote kiwe kikomo cha kundi zima. Fedha za dharura na za kurudi nyumbani, kila mtu abaki nazo mwenyewe kabla chochote hakijaingia kwenye mfuko wa pamoja.