Treni ya gati ni nini?

Treni ya gati ni treni ndogo inayopita juu ya gati lililoingia baharini, kutoka ufukweni hadi mwisho wa gati, mahali vyombo vinapofunga. Haiunganishi mji na mji, na safari yake ni ya dakika chache tu. Mifano inayojulikana zaidi iko Uingereza, na karibu yote siku hizi huchukuliwa kama burudani ya watalii. Asili yake ni kazi.

Chanzo ni maji kupwa na kujaa. Mtu wa Paje au Jambiani hahitaji kuelezwa: maji yakipwa, bahari inakuwa kule mbali na ngalawa zimelala mchangani. Southend, mji ulio kwenye mlango wa mto Thames mashariki mwa London, una shida hiyo hiyo, ila kule kinachobaki wazi ni tope, tena kwa zaidi ya kilomita moja. Meli za abiria kutoka London zisingeweza kukaribia saa zote. Basi ikabidi gati liyafuate maji. La mbao lilifunguliwa 1830, likarefushwa baadaye, kisha 1889 likafunguliwa la chuma. Leo lina takriban kilomita 2.16, na hakuna gati la matembezi lililo refu zaidi duniani.

Sasa abiria ameshuka melini, ana sanduku na watoto, na nchi kavu iko kilomita mbili mbele huku upepo unampiga ubavuni. Atatembea? Treni ya umeme ilianza kufanya kazi pale 1890.

Umeme ulifaa kwa sababu kichwa cha mvuke ni kizito, kinataka makaa na maji, na kinarusha cheche juu ya sakafu ya mbao. Mota ni nyepesi, na mtambo wa kuzalisha umeme unabaki nchi kavu. Umeme hufika kwenye treni kupitia reli ya tatu iliyolazwa kando ya zile mbili za magurudumu: kipande cha chuma kilichofungwa chini ya treni huteleza juu yake na kuchukua umeme, kisha umeme unarudi kupitia reli za kawaida. Reli hiyo ni hatari kuigusa, kwa hiyo huwekwa upande ambao watu hawapiti. Adui wake mkubwa ni chumvi, inayokula chuma mchana na usiku.

Gati la Hythe, ng'ambo ya maji kutoka Southampton, mji wa bandari kusini mwa Uingereza, lina mita 640 na lilijengwa kwa ajili ya wasafiri wa kivuko. Treni yake ilianza 1922 kwenye reli zenye upana wa sentimita 61, nyembamba sana ukizilinganisha na reli zetu za zamani za mita moja. Vichwa vyake viliundwa 1917 kwa kazi nyingine kabisa: vilihudumu katika kiwanda cha gesi ya sumu huko Avonmouth wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Huko vilitumia betri. Vilipoletwa gatini vikageuzwa kutumia reli ya tatu.

Southend wamekwenda kinyume. Reli yao ya umeme ilichakaa ikafungwa 1978, treni zikarudi 1986 zikitumia dizeli, na tangu 2022 zipo za betri. Kwa mahali penye chumvi namna ile naona ni uamuzi wa busara, maana hakuna tena reli ya umeme ya kulindwa.

Si kila treni ya umeme ya pwani inaingia katika kundi hili. Ile ya Volk mjini Brighton, iliyoanza 1883, inakwenda sambamba na ufukwe, haiingii baharini. Na huko Ryde, kwenye kisiwa cha Wight, treni hufika hadi mwisho wa gati, lakini ni treni za kawaida za abiria, zinazoendelea na safari yake hadi Shanklin, mji mwingine wa kisiwa hicho.