Pawatila ya kikundi: kabla ya kuomba mkopo, nani atapalilia?

Tangu mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri irejeshwe mwaka 2024, baada ya kusitishwa Aprili 2023, vikundi vya akina mama vinavyoomba pawatila (mashine ya kulimia ya magurudumu mawili, inayoongozwa kwa mikono) na matrekta madogo vimeongezeka kwenye meza yetu ya zana za kilimo. Ni jambo jema. Lakini malalamiko nayo yanakuja, na yanafanana: mashine ni ya kikundi, ila inaonekana shambani kwa mume wa katibu, huku wanachama wakiendelea na majembe.

Pawatila ikilima, eka mbili za kaya zinaweza kuwa nne. Dereva anamaliza na kuondoka. Magugu ya eka nne yanabaki kwa jembe la mkono, na katika kaya nyingi jembe hilo anashika mama na watoto. Kwa hiyo mashine inayosemwa imempunguzia kazi mara nyingine imemwongezea. Kwenye mavuno ni kinyume: Mbarali na Kilombero, kombaini imechukua kibarua cha kukata, kupiga na kupepeta mpunga, ambacho wanawake wengi walikitegemea. Sisemi kombaini zirudi zilikotoka, mvua haimsubiri mtu. Nasema andiko la mradi lianze na kazi inayowaumiza, ndipo litaje mashine.

Tazama kilimo shadidi cha mpunga. Miche inapandikizwa ikiwa na siku 8 hadi 12, mmoja mmoja, kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25. Mistari hiyo ndiyo inayompa nafasi mtu kupita na kipalizi cha kusukuma akiwa amesimama wima. Hakinywi dizeli, na bei yake haikaribii ya pawatila. Bado sijapokea andiko la kuomba vipalizi kumi. Kisichonguruma, kwa wengi wetu, si mashine!

Kuna swali ambalo nimechoka kulijibu: je, mwanamke ana nguvu za kuwasha pawatila? Injini ya dizeli ya hendeli ina wenzo wa kuachia mgandamizo. Unauinua, unazungusha hendeli mpaka injini ishike kasi, unauachia, inawaka. Mwanamume asiyeujua wenzo huo atatoka jasho bure. Anayebeba ndoo ya lita 20 kichwani tangu kisimani asiambiwe hendeli ni nzito.

Hatari iliyopo ni nguo. Shafti inayotoka nyuma ya trekta kuendesha mashine ya kupukuchua mahindi huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde. Ncha ya kanga ikinaswa, huna muda wa kuifungua. Anayeisogelea avae suruali au ovaroli inayombana, na shafti iwe na kifuniko chake. Wazee wanaoona suruali ya kazi ni utovu wa adabu tunawaheshimu, lakini kwenye mafunzo yetu hatutalegeza.

Utaratibu wa mkopo, kwa kuwa wengi huuruka: asilimia 4 ni za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu, na hakuna riba. Kikundi kiwe kimesajiliwa, kina katiba na akaunti ya benki kwa jina lake. Ombi linaingizwa kwenye mfumo wa mtandaoni uitwao Wezesha kwa msaada wa afisa maendeleo ya jamii wa kata, linajadiliwa ngazi ya kata, kisha halmashauri. Si meza yangu inayotoa fedha, tafadhali msinipigie kwa hilo. Mkataba unawafunga wanachama wote: mmoja akitoroka, waliobaki wanadaiwa. Someni masharti ya mkataba kabla ya kufikiria kuuza mashine au kuihamishia kwa mtu mwingine, hata akiwa mume. Risiti na kadi ya usajili wa mashine zisome jina la kikundi. Karatasi ikisoma jina la baba fulani, siku ya ugomvi mtapata shida kubwa kuthibitisha kuwa ni yenu.

Mafunzo ya uendeshaji tumeyasogeza hadi saa nne asubuhi, kwa sababu saa moja akina mama walikuwa hawafiki. Kila kikundi kilete wanachama wawili watakaoendesha wenyewe. Mwaka huu, kiti cha mwanachama hakitakaliwa na mumewe wala kijana wa jirani.